Mshahara wa Saa na Mshahara wa Mwaka: Maisha Katika Viwanda vya Magari vya Detroit

Msomaji mmoja wa Mombasa ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi katika kiwanda cha kuunganisha malori, na huu ni mwaka wangu wa sita. Kila tukizungumzia mishahara, wazee hutuambia kwamba zamani, huko Detroit nchini Marekani, mtu aliyekaza nati kutwa nzima, asiye na cheti chochote, aliweza kununua nyumba na gari na kusomesha watoto. Je, ni kweli? Kazi yenyewe ilikuwaje? Na kama ilikuwa nzuri kiasi hicho, mbona ilikwisha?"

Marahaba, ndugu yangu. Wazee hao hawakukudanganya, ila wamekusimulia nusu ya habari. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1950 mfanyakazi wa kawaida wa kiwanda cha magari cha Detroit alilipwa zaidi kwa saa kuliko wafanyakazi wengi wa viwandani duniani, na ni kweli kwamba maelfu yao walinunua nyumba. Jambo ambalo halisimuliwi ni kwamba mtu huyo alijua atalipwa kiasi gani kwa saa, lakini hakujua mwaka huo atapewa saa ngapi za kazi. Nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu wewe unaifanya kazi hii kwa mikono yako na utayaelewa mambo ambayo wengine huyapita haraka.

Tuanze na fedha, maana ndizo zilizokufanya uulize. Mwaka 1955 wastani wa mshahara katika viwanda vya magari ulikuwa zaidi kidogo ya dola 2 kwa saa. Kwa wiki ya saa 40, mtu alipata zaidi ya dola 80 kabla ya makato. Mwaka huohuo Chevrolet mpya ya milango minne, hata ile iliyopambwa vizuri, iliuzwa kwa dola 2,000 kasoro kidogo. Piga hesabu, utaona kwamba gari alilolitengeneza lilikuwa sawa na mshahara wake wa nusu mwaka hivi, na angeweza kulilipia kidogo kidogo. Nyumba nayo ilinunuliwa kwa mkopo wa muda mrefu wenye dhamana ya serikali, hasa kwa waliorudi kutoka vitani, ambao sheria ya mwaka 1944 iliwapa nafasi hiyo. Hayo yote ni sahihi, na mtu aliyetoka katika shamba la pamba la Mississippi au kijiji cha milimani Kentucky aliyaona kuwa ni neema kubwa.

Lakini nataka ujue fedha hizo zilipatikanaje, kwa sababu kuna hadithi nyingine inayopenda kusimuliwa, kwamba Henry Ford aliwahurumia watu wake akawapa dola 5 kwa siku. Ford alitangaza dola hizo Januari 1914, na sababu yake ilikuwa wazi. Mwaka mmoja kabla, katika kiwanda chake cha Highland Park, alianzisha mstari unaotembea, yaani laini inayomletea kila mtu gari alipo ili afanye sehemu yake, ambao uliteremsha muda wa kuunganisha chasisi moja kutoka zaidi ya saa 12 hadi dakika 93. Kazi ikawa ya kuchosha akili na mwili kiasi kwamba watu waliikimbia. Mwaka 1913 idadi ya walioondoka na kubadilishwa na wengine ilizidi mara tatu ya idadi ya wafanyakazi wote. Dola 5 zilikuwa bei ya kumfanya mtu avumilie mstari ule. Ilipofika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, bei hiyo haikuhitajika tena, kwa sababu nje ya lango kila asubuhi walisimama watu wenye njaa waliokuwa tayari kuchukua nafasi yoyote.

Mishahara ya miaka ya 1950 ilitokana na migomo. Tarehe 30 Desemba 1936, wafanyakazi wa General Motors mjini Flint, kaskazini-magharibi ya Detroit, walikaa chini ndani ya kiwanda na kukataa kutoka. Walilala juu ya viti vya magari walivyokuwa wakivitengeneza, wakaletewa chakula kutoka nje, na walikaa humo siku 44, hadi kampuni ilipokubali, tarehe 11 Februari 1937, kukitambua chama chao cha wafanyakazi wa magari, UAW. Gavana wa Michigan, Frank Murphy, alipeleka askari mjini humo lakini hakuwaamuru wawatoe watu kwa nguvu, na kwa maoni yangu uamuzi huo mmoja ulibadili historia ya kazi nchini Marekani kuliko sheria nyingi. Ford alishikilia msimamo wake kwa miaka minne zaidi. Tarehe 26 Mei 1937, Walter Reuther, mmoja wa viongozi wa UAW, na wenzake walipofika kugawa karatasi za chama kwenye daraja la waendao kwa miguu lililoelekea Lango namba 4 la kiwanda cha River Rouge, walipigwa na watu wa Harry Bennett, mkuu wa ulinzi wa Ford, mbele ya wapiga picha wa magazeti. Mkataba na Ford ulipatikana mwaka 1941 tu, baada ya mgomo wa Aprili.

Ukiwasikiliza waliofanya kazi kabla na baada ya mwaka huo, jambo walilolitaja kwanza mara nyingi halikuwa mshahara. Kabla ya chama, katika kiwanda cha Ford ilikatazwa kuzungumza ukiwa kazini, ilikatazwa kuketi, na wapelelezi wa Bennett walikuwa kila pembe, hata watu wakajifunza kusema bila kutikisa midomo. Mnyapara aliajiri na kufukuza apendavyo. Wapo waliompelekea zawadi, na wapo waliokwenda kupaka rangi nyumba yake siku ya mapumziko ili majina yao yasikatwe. Chama kilipoingia, mtu alipata mwakilishi wa idara wa kumtetea, njia ya kupeleka malalamiko hatua kwa hatua hadi kwa msuluhishi, na juu ya yote akapata kanuni ya ukongwe kazini, kwamba kazi zikipungua atatangulia kuondoka aliyeingia mwisho. Mtu aliacha kuishi kwa huruma ya mnyapara. Hilo halionekani katika picha za nyumba na magari, lakini wao walilithamini sana.

Baada ya vita vikuu vya pili, chama kilijaribu jambo kubwa zaidi. Novemba 1945 wafanyakazi wa General Motors waligoma kwa siku 113. Reuther alidai nyongeza ya asilimia 30 bila bei ya magari kupandishwa, na akasema kampuni ikidai haiwezi, basi na ifungue vitabu vyake vya hesabu watu waone. Kampuni ilikataa katakata kufungua vitabu. Mgomo uliisha Machi 1946 kwa nyongeza ya senti 18 na nusu kwa saa, na vitabu vikabaki vimefungwa. Mwaka 1948 General Motors yenyewe ilitoa pendekezo ambalo lilikuja kuwa msingi wa kila kitu: mshahara upande kufuatana na gharama za maisha, na juu yake iongezwe nyongeza ndogo ya kila mwaka. Mwaka 1949 Ford ilikubali pensheni ya dola 100 kwa mwezi, ikijumlishwa na malipo ya uzeeni ya serikali, kwa mwenye umri wa miaka 65 na utumishi wa miaka 30. Mwaka 1950 General Motors na chama wakatia saini mkataba wa miaka 5 wenye hayo yote pamoja na mchango wa kampuni kwa matibabu. Katika kampuni ya Chrysler pensheni ilipatikana mwaka huohuo baada ya mgomo wa siku 104.

Hapo pana jambo ambalo kila msomaji wa historia hii lazima alipime mwenyewe, na mimi nitasema ninavyolipima. Kampuni ilikubali kulipa, na chama kikakubali kwamba namna ya kuendesha kiwanda, mashine zipi ziwekwe, na magari mangapi yatoke kwa saa, ni mambo ya kampuni. Fedha zilipanda mwaka hadi mwaka, lakini mwendo wa mstari ulibaki mikononi mwa mwenye kiwanda. Chama kilihifadhi haki ya kugoma kuhusu kasi ya kazi na usalama, nayo ilitumika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mei 1949 wafanyakazi wa Ford pale River Rouge waligoma kwa zaidi ya wiki tatu kwa sababu ya kasi tu. Kampuni ilidai kwamba mstari ukisimama asubuhi kwa hitilafu, ina haki ya kuukimbiza mchana ili magari ya siku yatimie. Wafanyakazi wakajibu kwamba mwili wa binadamu hauwezi kufidia mchana muda ulioibwa na mashine asubuhi. Wewe uliyesimama kwenye laini unajua tofauti ya gari kukufikia kila baada ya dakika moja na gari kukufikia kila baada ya sekunde hamsini. Kwenye karatasi ni sekunde kumi. Mikononi ni tofauti ya kumaliza kazi yako na kuikimbilia ikiwa imeshakupita.

Sasa niingie ndani ya kiwanda, kwa sababu umeuliza kazi ilikuwaje na swali hilo linastahili jibu la karibu. River Rouge, kule Dearborn, mji unaopakana na Detroit, ilianza kujengwa mwaka 1917 na kukamilika mwaka 1928. Eneo lake lilikuwa na urefu wa kilomita 2.4 na upana wa kilomita 1.6, likiwa na gati lake la meli, tanuri zake za kuyeyusha chuma, kiwanda chake cha vioo, kituo chake cha umeme na reli za ndani zenye urefu wa kilomita 160 hivi. Mawe yenye madini ya chuma yaliingia kwa meli upande mmoja, na magari yakatoka upande mwingine. Kwa hiyo mtu akisema "nafanya kazi Ford" hakuwa amesema kitu. Ungepaswa kumuuliza idara gani, na jibu lake lingekuambia atastaafu akiwa na mapafu ya namna gani, masikio ya namna gani, na vidole vingapi.

Katika idara ya kusubu vyuma, chuma kilichoyeyuka kilimiminwa ndani ya kalibu za mchanga kutengeneza bloku za injini. Kilipoganda, kalibu zilitikiswa na kuvunjwa kikiwa bado cha moto, na vumbi la mchanga uliochomeka likajaa hewani hadi mtu wa hatua chache mbele akawa kivuli. Katika idara ya presi, mabati yaligongwa na mashine ndefu kama nyumba ya ghorofa kuwa milango na mapaa. Kelele ilikuwa kubwa mno, watu wakazungumza kwa ishara za mikono. Baadhi ya presi zilikuwa na mikanda iliyofungwa kwenye viganja vya mfanyakazi na kuunganishwa na nyaya za chuma, ili presi ikishuka nyaya zimvute mikono nyuma, atake asitake. Hebu ifikirie zamu nzima namna hiyo: mikono yako inakwenda mbele kwa hiari yako na inarudi nyuma kwa hiari ya mashine, mara mamia kwa mamia, hadi saa ya kutoka.

Kazi ninayotaka uione kwa makini zaidi ni ile ya kumalizia bodi. Miaka hiyo maungio ya bodi, pale bati la paa linapokutana na bati la ubavu, yalizibwa kwa risasi, yaani ile metali laini nzito. Fundi alipasha moto maungio kwa moto wa gesi, akasugua kipande cha risasi hadi kikalainika kama siagi, kisha akakisawazisha kwa kibao cha mti kilichopakwa mafuta kabla hakijaganda. Akiwa hodari, alikimaliza kwa mapigo machache na mkono wake ukajua bila macho kama uso wa bati umelingana. Baada yake alikuja mwenzake mwenye mashine ya kusaga na tupa, akaondoa risasi iliyozidi, na unga wake ukaruka. Kusaga kulifanywa ndani ya vibanda vyenye mashine za kunyonya hewa, na wasagaji walivaa barakoa, kwa sababu sumu ya risasi ilijulikana vizuri. Watu hao waliheshimiwa, kwa kuwa ufundi wao haukuweza kufundishwa kwa siku moja, na walijivunia bodi iliyong'aa bila wimbi. Fahari yao na unga ule vilitoka katika kazi ileile.

Mbele kidogo walikuwapo washonaji na watengenezaji wa viti. Mtu wa kubandika vitambaa ndani ya gari alijaza mdomo misumari midogo iliyosafishwa, akaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, kichwa kikitangulia, ikashikwa na nyundo yenye sumaku, akaigonga mahali pake, huku mkono wa pili ukivuta kitambaa kisikunjamane. Ukimtazama ungeona nyundo ikienda mdomoni na ukutani, mdomoni na ukutani, kwa kasi ambayo jicho halifuati. Katika idara ya rangi, wanaume waliovaa aproni na buti za mpira walisugua bodi kwa msasa wa maji, wakisimama katika maji kutwa nzima. Kisha bodi ilishushwa kutoka ghorofa ya juu ikakalia chasisi iliyokuja chini kwa wakati uleule, na kwenye mstari wa mwisho wapo waliofanya kazi ndani ya shimo, magari yakipita juu ya vichwa vyao, mikono ikiwa juu zamu nzima.

Kuhusu kwenda msalani, nalo si jambo dogo. Mstari hausimami kwa haja ya mtu mmoja. Kila kundi lilikuwa na mtu wa kupokezana, ambaye alizunguka akiwashikia wenzake kazi kwa dakika chache kila mmoja, kwa zamu aliyoipanga mnyapara. Ukishikwa kabla zamu yako haijafika, ulisubiri. Katika mazungumzo ya mikataba, dakika hizi za mapumziko zilipiganiwa moja moja, na ukisoma madai ya matawi ya chama katika miaka ya 1950 utakuta mambo ya dakika, feni, vyoo na maji ya kunywa yamejaa kurasa, huku magazeti yakiandika habari za senti tu. Kiangazi joto lilipozidi, kundi zima liliweza kuweka zana chini na kutoka nje bila kusubiri idhini ya chama, na mistari ikasimama hadi kesho yake.

Nirudi sasa kwenye lile la saa na mwaka, kwa sababu hapo ndipo nusu ya pili ya habari ilipo. Kila mwaka viwanda vilibadili muundo wa magari, na wakati wa mabadiliko hayo wafanyakazi wengi walirudishwa nyumbani bila mshahara kwa wiki kadhaa, wakati mwingine zaidi. Hilo walilizoea na kulipangia. Ambalo hawakuweza kulipangia ni mengine yote. Gari lina maelfu ya vipuri kutoka kwa mamia ya wenye viwanda, na kimoja kikikosekana mstari hufungwa. Tarehe 12 Agosti 1953 moto uliteketeza kiwanda cha giaboksi za General Motors cha Livonia, karibu na Detroit, na watu ambao hawajawahi hata kukiona kiwanda hicho walijikuta hawana kazi, pamoja na wale wa kampuni nyingine zilizonunua giaboksi zake. Wakati wa vita vya Korea, serikali ilipunguza chuma, shaba na alumini za magari ya raia ili vitumike jeshini, na mwanzoni mwa mwaka 1952 Detroit ikajaa watu wasio na kazi wakati sehemu nyingine za nchi zikiwa katika neema. Mwaka 1955 ukaja, viwanda vikatoa karibu magari milioni 8, overtaimu haikwisha, watu wakanunua samani na friji kwa mkopo. Mwaka uliofuata yakatoka chini ya milioni 6. Mwaka 1958 yakatoka milioni 4 na kidogo tu, na ukosefu wa kazi mjini Detroit ukapita asilimia 15.

Jaribu kuiona nyumba moja katika mwendo huo. Baba ana ukongwe wa miaka mitatu. Katika mwaka mzuri amelipwa saa zake zote na overtaimu juu, akaanza kulipia nyumba, gari na friji. Mwaka unaofuata anaambiwa Ijumaa asirudi Jumatatu, na hakuna anayeweza kumwambia atarudi lini, kwa kuwa anayejua ni soko la magari. Anasajiliwa kupokea posho ya serikali ya wasio na kazi, anatafuta kibarua cha kuendesha teksi, kupakia mizigo au kuuza petroli, mkewe anatafuta kazi dukani, na jamaa wengine wanarudi kusini kwa ndugu zao kusubiri barua ya kuitwa. Mshahara wake wa saa haujapungua hata senti moja. Ukiuandika kwenye jedwali utaona mtu mwenye hali nzuri. Ukiuliza kapata nini mwaka mzima, utaona mtu anayeishi kwa kuungaunga.

Chama kililijua jambo hili, ndiyo maana mwaka 1955 Reuther alikwenda Ford akidai mshahara wa uhakika wa mwaka. Alichopata kilikuwa mfuko wa kampuni wa kuongezea posho ya serikali, ili aliyesimamishwa apate jumla ya asilimia 65 ya mshahara wake baada ya kodi kwa wiki 4 za kwanza, na asilimia 60 baadaye, hadi wiki 26. Lilikuwa jambo kubwa na kampuni nyingine zikafuata. Hata hivyo, ilibidi mtu awe ametumikia muda fulani ndipo apate haki hiyo, na waliotangulia kusimamishwa daima walikuwa wale wenye utumishi mfupi.

Hapo naingia katika suala ambalo wazee wako huenda hawakulitaja kabisa. Kanuni ya ukongwe ilikuwa ya haki kwenye karatasi, lakini Wamarekani weusi waliingia viwandani wakiwa wamechelewa kwa sababu walifungiwa milango, kwa hiyo orodha ilipokatwa kutoka chini, walikatwa wao. Ford iliwaajiri mapema kuliko wengine, mara nyingi kwa barua za wachungaji wao, lakini wengi waliwekwa katika idara ya kusubu vyuma na vibanda vya rangi. Kazi za ufundi wa juu, kama utengenezaji wa zana na umeme, zilibaki karibu zote kwa wazungu, na hapo chama chenyewe kinabeba lawama pamoja na kampuni. Juni 1943, katika kiwanda cha Packard kilichokuwa kikitengeneza injini za ndege za vita, wafanyakazi weusi watatu walipopandishwa kufanya kazi kando ya wazungu, wazungu wapatao 25,000 waliacha kazi. Viongozi wa kitaifa wa UAW walisimama kuupinga mgomo ule, na hilo lastahili kusemwa, lakini wiki chache baadaye machafuko ya mjini yaliua watu 34, na 25 kati yao walikuwa weusi.

Nyumba nazo hazikuuzwa kwa kila mwenye mshahara. Mikataba ya viwanja ilikuwa na kifungu kinachokataza kumuuzia mtu mweusi. Familia ya McGhee ya Detroit, iliyoshtakiwa na majirani ili itolewe katika nyumba yake, ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1948 mahakama iliamua kwamba vifungu hivyo haviwezi kutekelezwa kisheria. Mazoea hayakubadilika kwa hukumu moja. Dearborn, mji wenye kiwanda cha River Rouge, ulikuwa chini ya meya Orville Hubbard kuanzia mwaka 1942 hadi 1978, na alijitangaza waziwazi kuwa mlinzi wa mji wa wazungu. Maelfu ya watu weusi waliingia Dearborn kila siku kusubu chuma cha injini, na zamu ilipokwisha walilazimika kutoka kwenda kulala Detroit. Kwa hiyo unapoonyeshwa picha ya mfanyakazi na nyumba yake mpya, uliza ni mfanyakazi yupi.

Umeuliza mwisho, mbona kazi hiyo ilikwisha. Wengi hutaja Wajapani na miaka ya 1970, lakini katika jiji la Detroit lenyewe kupungua kulianza palepale katika kilele cha sifa zake. Kati ya mwaka 1947 na 1963 jiji lilipoteza nafasi 134,000 za kazi za viwandani. Kampuni zilijenga viwanda vipya vya ghorofa moja nje ya mji na katika majimbo mengine, mahali penye ardhi pana, kodi ndogo na chama chenye nguvu ndogo kuliko kile cha River Rouge. Mashine mpya zilikuja nazo. Mwaka 1951 Ford ilifungua kiwanda cha injini karibu na Cleveland, Ohio, ambamo bloku ya injini ilisukumwa yenyewe kutoka mashine hadi mashine, ikatobolewa na kuchongwa huku watu wachache wakitazama taa za kuonyesha hitilafu. Kazi hiyo awali ilifanywa na watu wengi pale River Rouge. Mwaka 1945 River Rouge ilikuwa na wafanyakazi 85,000, mwaka 1954 walikuwa 54,000, na mwaka 1960 walibaki 30,000. Idara zilihamishwa, na nafasi hazikujazwa tena.

Kampuni ndogo ziliumia zaidi. Mwaka 1954 Hudson iliungana na Nash, na magari yake yakahamishiwa Kenosha, jimbo la Wisconsin. Mwaka huohuo Packard iliungana na Studebaker, na Juni 1956 ikaacha kutengeneza magari Detroit. Wengi wa waliobaki mlangoni siku ile walikuwa wazee wa kazi, wale hasa ambao kanuni ya ukongwe iliwalinda kwa miaka yote. Ukongwe huo ulihesabiwa na kampuni moja. Mtu mwenye miaka 25 Packard, akienda lango la Ford au Chrysler, alijiandikisha chini ya kijana aliyeajiriwa jana, na akiwa amepita umri wa miaka 45 mara nyingi hakuandikishwa kabisa.

Studebaker nayo ilifunga kiwanda chake cha South Bend, Indiana, Desemba 1963. Mfuko wa pensheni ulikuwapo, umeandikwa katika mkataba na kutiwa saini na pande zote, lakini fedha zilizokuwa ndani hazikutosha. Waliofikisha miaka 60 walilipwa kikamilifu. Watu wapatao 4,000 wenye umri kati ya miaka 40 na 59 walipata takriban asilimia 15 ya walichostahili, na walio chini ya miaka 40 hawakupata kitu. Sheria ya kulinda pensheni za makampuni ilipitishwa Marekani mwaka 1974, na katika mijadala iliyoitangulia, kisa cha watu hao wa South Bend kilitajwa tena na tena.